Mapigo 30 ya Ernie Clement: nyota amezaliwa, au ni upepo wa Oktoba?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naendesha basi hapa Toronto. Mpwa wangu ana miaka 19 na anataka kutoa akiba yake yote anunue gongo la besiboli lililotiwa saini na Ernie Clement wa Blue Jays. Anasema tumeshuhudia nyota akizaliwa: mapigo 30 katika mchujo mmoja, rekodi ya ligi nzima. Mimi namwambia ngoma ikivuma sana hupasuka. Yeye ananirudishia kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Nani kati yetu yuko sahihi, na nimruhusu anunue?

JIBU: Ndugu yangu, simlaumu kijana. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni takwimu, niliruka kitini usiku ule wa mechi ya mwisho ya fainali, tarehe 1 Novemba 2025. Lakini ndani ya swali lako mna maswali mawili, na mkiyachanganya mtabishana mpaka theluji iyeyuke. La kwanza ni kama Clement alifanya jambo kubwa. Alifanya, na hakuna wa kulifuta. La pili ni kama jambo hilo linatuambia atakuwa mchezaji wa namna gani mwaka ujao na ile inayofuata. Hapo niko karibu na wewe zaidi kuliko mpwa wako, ingawa si kwa sababu uliyoitoa. Ngoma ya Clement haijapasuka wala sioni kwa nini ipasuke. Ni ngoma ya kiasi ambayo mwezi mmoja ilisikika mbali.

Niwaeleze kidogo wasioufuata mchezo huu. Mpigaji husimama na gongo (la kupigia, si lile la kunywa), mrushaji humtupia mpira, naye akiupiga ukaanguka pasipo mtu na akawahi kufika besi (kituo cha kukimbilia uwanjani), hilo ni pigo salama. Ukigawanya mapigo salama kwa nafasi za kupiga alizopata, unapata wastani wake. Mwenye 0.300 anasifiwa sana, na maana yake ni kwamba hata anayesifiwa hushindwa mara 7 katika kila 10. Msimu wa kawaida una mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Baadaye timu 12 huingia kwenye mchujo wa Oktoba, unaoishia kwenye fainali iitwayo World Series.

Clement alimaliza msimu wa kawaida wa 2025 akiwa na wastani wa 0.277 na homurani 9, yaani mipira iliyovuka uzio. Kwenye mchujo akapata mapigo 30 katika nafasi 73. Hiyo ni 0.411.

Chukua sasa kalamu. Kama angepiga Oktoba vilevile alivyopiga tangu Machi, nafasi 73 zingempa mapigo kama 20. Alipata 30. Kwa hiyo mjadala wenu wote, pamoja na akiba ya kijana, umesimama juu ya mapigo 10. Mapigo 10 katika mwezi mzima ni mipira gani? Ni mpira uliopita sentimita chache kutoka kwenye glovu ya mlinzi, mwingine ulioanguka katikati ya watu watatu kila mmoja akidhani mwenzake ataudaka, mwingine uliopigwa vibaya ukaviringika polepole mpaka mtu akafika besi bila haraka. Ndiyo, kati ya hiyo 10 kuna iliyopigwa kwa ustadi hasa. Lakini kila mpigaji anajua kwamba mpira uliopigwa vizuri unaweza kumwendea mlinzi kifuani, na uliopigwa ovyo ukaanguka kwenye nyasi tupu.

Hesabu ya bahati ina jibu lake hapa, na watu wengi huwa hawaliamini mpaka walijaribu wenyewe. Chukua mtu ambaye uwezo wake wa kweli ni 0.270, mpe nafasi 50. Bila yeye kubadilika hata chembe, mara mbili katika kila tatu ataangukia popote kati ya 0.210 na 0.330. Huku chini anaitwa mzigo, kule juu anaitwa mfalme, na ni mtu yuleyule, gongo lilelile. Sasa usichukue mmoja. Chukua 36, yaani wapigaji 9 wa kila timu kati ya 4 zinazofika mbali kwenye mchujo, wote wawe na uwezo huohuo wa 0.270. Yule atakayetokea juu kabisa, kwa bahati tupu, utamkuta karibu na 0.400. Lazima awepo mmoja. Kila Oktoba yupo. Sisi humsubiri ajitokeze, kisha tunamgeukia kwa mshangao kana kwamba tulimchagua yeye tangu mwanzo.

Hapo ndipo methali ya mpwa wako inapomwangusha. Asubuhi ya Clement ilikuwa ya mawingu. Cleveland walimwacha mwaka 2022, Oakland wakamchukua, nao wakamwachia kabla ya msimu wa 2023 kuanza. Toronto walimpa mkataba wa ligi ndogo, ule wa kumwambia mtu njoo tuone. Alipojipatia nafasi ya kudumu mwaka 2024 alipiga 0.263. Nyota hii ilionekana magharibi, jua likishazama.

Lakini nisiegemee hesabu peke yake, maana rekodi yenyewe ina historia inayofundisha. Mwaka 2014 rekodi ya mapigo katika mchujo mmoja ilichukuliwa na Pablo Sandoval wa San Francisco Giants, mapigo 26, wastani wa 0.366. Na hakuwa mtu wa kuokotwa: miaka miwili kabla ya hapo alipiga homurani 3 katika mechi ya kwanza ya World Series na akatoka mchezaji bora wa fainali hizo. Mpira wa mwisho wa ubingwa wa 2014 ulidakwa na yeye mwenyewe. Boston Red Sox wakaona hapa pana mtu wa mechi kubwa, wakampa mkataba wa miaka 5, dola milioni 95. Mwaka wa kwanza alipiga 0.245. Wa pili alicheza mechi 3 tu, na katika mojawapo mkanda wa suruali ulimkatikia akiwa katikati ya kuzungusha gongo. Mwaka wa tatu wakamwachia aende, huku wakiendelea kumlipa.

Rekodi ikahamia kwa Randy Arozarena mwaka 2020: mapigo 29, na juu yake homurani 10, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikisha katika mchujo mmoja. Huyu ni Mcuba aliyekimbia kwao kwa mashua hadi Meksiko. Kabla ya Oktoba ile alikuwa amecheza mechi 23 tu za msimu wa kawaida akiwa na Tampa Bay, maana mwanzo wa msimu uliliwa na korona. Watu wakauliza swali lako hilihili. Jibu limekuja taratibu: mwaka 2021 akatajwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake, na tangu hapo hadi 2025 kila mwaka amepiga homurani 20 au zaidi. Mchezaji mzuri, ameitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Lakini yule mtu wa Oktoba 2020, ambaye warushaji walikuwa wakimtazama kama mzimu, hakurudi tena kwa msimu mzima. Hakuna binadamu anayecheza hivyo miezi sita mfululizo.

Watu wawili, rekodi moja, njia mbili tofauti kabisa. Ungesimama Novemba na rekodi mkononi, isingekuambia nani ni nani.

Kama mpwa wako anataka mfano wa kumtisha, mpe Brian Doyle. Mwaka 1978 New York Yankees walimpoteza mlinzi wao wa besi ya pili kwa jeraha, wakamweka Doyle, kijana ambaye hata mashabiki wao wengi walikuwa hawamjui. World Series alipiga 7 kwa nafasi 16, wastani wa 0.438, Yankees wakatwaa ubingwa. Wastani wake wa maisha yote kwenye ligi kuu ni 0.161. Homurani 1. Wenye kumbukumbu za soka watamkumbuka Schillaci wa Italia: mabao 6 kwenye Kombe la Dunia la 1990, mfungaji bora wa dunia nzima, na katika maisha yake yote timu ya taifa alifunga 7.

Sasa nimtetee kijana, maana ana hoja mbili ambazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza: warushaji wa Oktoba si wa Juni. Kwenye mchujo kuna siku za mapumziko kati ya mechi, kwa hiyo kocha humrudisha mrushaji wake bora mara nyingi zaidi, na yule wa tano dhaifu hukaa benchi. Timu pinzani pia inakuwa imekaa na video zako siku nzima ikitafuta unapokosa. Kupiga 0.411 hapo ni kugumu kuliko kupiga 0.411 dhidi ya timu iliyokwisha kata tamaa mwezi wa Agosti. Nakubali. Lakini ugumu huo unaongeza thamani ya kila pigo. Hauongezi idadi ya nafasi. Bado ni 73.

Ya pili ndiyo inayopendwa zaidi, kwamba kuna watu wenye moyo wa Oktoba. Hii nimeitafuta kwa miaka, kwa sababu nilitamani iwe kweli. Tatizo ni kwamba wachezaji wengi hawafiki mchujo mara za kutosha tukawapima. Mmoja alifika. Derek Jeter wa Yankees, ambaye jina lake na Oktoba vilikuwa kama chai na maziwa, alicheza mechi 158 za mchujo. Ni karibu msimu mzima wa mechi 162! Wastani wake wa msimu wa kawaida ni 0.310. Wa mchujo ni 0.308. Tulimpa Oktoba za kutosha, akatuonyesha Jeter yuleyule.

Geuza upande wa pili. Ted Williams, mtu wa mwisho kumaliza msimu wa ligi kuu ya wakati wake juu ya 0.400 (alifikisha 0.406 mwaka 1941), alipata World Series moja tu maishani, mwaka 1946. Alipiga 5 kwa nafasi 25. Barry Bonds naye, mwenye homurani nyingi kuliko mtu yeyote, 762 (mambo ya dawa za kuongeza nguvu tuyaache kwa leo), alikwenda mchujo mara tatu akiwa na Pittsburgh kati ya 1990 na 1992, akapiga chini ya 0.200 na homurani moja. Wakamwita mwoga. Mwaka 2002 akiwa San Francisco akapiga homurani 8 mchujo mmoja. Moyo wa mtu haubadilishwi kwa kuhamia California.

Basi, je, Oktoba haisemi lolote? Inasema, lakini uitazame inavyotendeka, si inavyoandikwa ubaoni. Na hapa nina mtu wangu, ambaye kila nikijiona nimekuwa mjuaji kupita kiasi humrudia ili anishushe.

Daniel Murphy alikuwa mlinzi wa besi ya pili wa New York Mets, mpigaji wa wastani mzuri asiyekosa mpira kirahisi, lakini mkono wake haukuwa na nguvu za kutisha. Msimu wa kawaida wa 2015 alipiga homurani 14, na hiyo ilikuwa idadi yake kubwa kuliko miaka yote. Mchujo ulipoanza akapiga 7, na 6 kati ya hizo alizipiga katika mechi 6 mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu. Na hakuwaonea wanyonge: Clayton Kershaw mara mbili, Zack Greinke, Jon Lester, Jake Arrieta, yaani vigogo wa warushaji wa wakati ule. Kisha kwenye World Series dhidi ya Kansas City upepo ukakata ghafla. Mapigo 3 kwa nafasi 20, homurani hakuna, na juu yake mpira ulimpita chini ya glovu wakati mbaya kabisa.

Nilikuwa miongoni mwa waliosema, na kuandika, kwamba hadithi imekwisha. Joto limepoa, mtu amerudi kwenye uzito wake. Mets nao hawakumng'ang'ania. Washington Nationals wakamchukua kwa miaka 3, dola milioni 37.5, fedha ndogo ukizilinganisha na zile za Sandoval.

Mwaka 2016 Murphy alipiga 0.347. Homurani 25. Akaongoza ligi yake kwa mapigo ya besi mbili, 47, na akawa wa pili kwenye kura za mchezaji bora. Tena Washington na New York wako kundi moja, kwa hiyo Mets walimwona akiwatesa karibu kila mwezi.

Nilikosea wapi? Nilihesabu mipira iliyovuka uzio, nikasema ni michache mno kuthibitisha lolote, na hapo nilikuwa sahihi. Ila sikumtazama mwenyewe. Mwaka ule, akisaidiana na kocha wa upigaji Kevin Long, Murphy alikuwa amesogea karibu zaidi na mahali mpira unapopita, akainama zaidi, na akaanza kuupiga mapema kwa kuunyanyua kuelekea upande wake wa kulia, badala ya kuusukuma uviringike ardhini. Mabadiliko hayo yalianza kuonekana kabla Oktoba haijafika. Mchujo uliyawashia taa tu. Homurani 7 zilikuwa na bahati ndani yake, kama kawaida, lakini aliyezipiga alikuwa mtu mpya.

Kwa hiyo mimi siku hizi, mtu akiwaka Oktoba, sianzi na wastani wake. Nauliza kama kuna kitu kimebadilika ambacho naweza kukionyesha kwa kidole. Tangu mwaka 2015 kila uwanja wa ligi kuu una vifaa vinavyopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na kilomita 153 kwa saa ndiyo mstari ambao juu yake pigo huitwa kali. Kasi haidanganyi haraka kama wastani unavyodanganya, kwa sababu haijali kama mlinzi alikuwepo au hakuwepo. Vivyo hivyo kukosa kabisa, yaani kutolewa kwa straiki tatu: baada ya kusimama kupiga mara 60 hivi unaanza kupata picha ya kuaminika ya tabia ya mtu. Wastani wa upigaji unahitaji msimu mzima na zaidi kabla hujauamini. Ndiyo maana ni jambo la kuchekesha kwamba takwimu inayochelewa kuliko zote kusema kweli ndiyo tunayoikimbilia kwanza mwezi wa mchujo.

Tumrudie Clement. Sifa yake kubwa ni kwamba si rahisi kumfanya akose. Katika ligi ya leo, ambayo watu hutolewa kwa straiki kama mvua, yeye ni miongoni mwa wanaokosa mara chache zaidi. Hiyo ni kweli Oktoba, na ilikuwa kweli Mei. Hasara yake pia ilikuwa ileile: hurukia karibu kila mpira, hivyo ni nadra kupewa besi ya bure (zawadi ya anayeacha mipira mibaya minne ipite), na nguvu zake ni za kiasi. Mapigo yake mengi ya mchujo yalikuwa ya besi moja. Alicheza besiboli yake aliyoizoea, na ile mipira ikapata mahali pa kuangukia. Sikuona mtu mpya kama nilivyopaswa kumwona kwa Murphy.

Ukiweka pamoja msimu wake wa 2024, wa 2025 na mchujo wote, wastani unatoka karibu 0.280. Ukiutoa mchujo, ni kama 0.270. Huo ndio uzito wa Oktoba yote kwenye mizani yangu: mapigo 10 zaidi katika kila nafasi 1,000. Si kitu kidogo. Ongeza hapo ulinzi wake wa besi ya tatu, ambao ni mzuri sana na ambao watu huusahau wakihesabu mapigo, unapata mchezaji ambaye timu yoyote ya maana ingependa kumpanga kila siku. Nyota, kwa maana ya mtu ambaye timu nzima inajengwa kumzunguka? Toronto wanaye tayari, anaitwa Vladimir Guerrero Jr.

Halafu kuna mpira mmoja ambao ningependa mpwa wako aurudie kwenye video kabla hajatoa hela. Mechi ya 7 ya World Series dhidi ya Los Angeles Dodgers, inningi ya 9 (zamu ya mwisho ya kawaida), 4-4, besi zote zimejaa, wawili wametolewa, na wa tatu akitolewa zamu imekwisha. Clement, mwenye mapigo 3 tayari usiku ule, anaupiga mpira wa kwanza wa mrushaji Yoshinobu Yamamoto na kuupeleka mbali, kati ya kushoto na katikati ya uwanja. Ukianguka, Toronto ni mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1993. Andy Pages wa Dodgers, aliyeingizwa muda mfupi kabla kwa ajili ya ulinzi tu, anakimbia, anamgonga mwenzake Kiké Hernández na kumwangusha, anaudaka. Dodgers wakashinda 5-4 inningi ya 11. Kwenye karatasi pigo lile ni sifuri. Lilikuwa miongoni mwa mipira yake mizuri mwezi ule.

Kuhusu gongo lenyewe: kama analinunua ili miaka 5 ijayo aliuze kwa faida, mkatalie. Bei ya sasa ni bei ya Novemba, na sahihi za mashujaa wa mchujo hushuka haraka mechi zikianza upya. Kama anachotaka ni kitu cha ukutani cha kumkumbusha mahali alipokuwa amekaa usiku ule, basi asitoe akiba yote, asubiri mwezi wa Mei, atalipata kwa bei ya chini. Na wakati anasubiri, aache kuangalia wastani. Ahesabu mipira inayotoka kwenye gongo la Clement zaidi ya kilomita 153 kwa saa, na mara anazoacha mpira mbaya upite. Hizo mbili zikipanda kwa miezi miwili, niandikieni tena, nitakuwa tayari kubadili niliyoyasema hapa.